Moyo Wangu Ulipogoma, Nikafundishwa Kutembea Upya

Kama umetoka hospitali juzi na watu wa nyumbani wamekufichia viatu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Vyangu vilikuwa juu ya kabati, nyuma ya sanduku la sahani za wageni. Aliyeviweka huko ni mume wangu, mtu mpole ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kunificha hata sukari. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hapo ndipo penye taabu. Mtu anayekukataza kwa ukali unaweza kugombana naye. Anayekukataza huku anakumenyea chungwa utamwanzia wapi?

Mimi ni fundi wa nguo hapa Thika. Nashona sare za shule kwenye kibanda changu karibu na soko, na naishi mtaa wa Landless na mume wangu Wekesa, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo mpaka alipostaafu. Mimi ni Mkikuyu, yeye ni Mbukusu, kwa hivyo nyumbani tunaongea Kiswahili, na tukikasirika kila mmoja anarudi kwa lugha ya mama yake. Binti yetu Nekesa anasoma Juja. Watu huniita Mama Nekesa, na kanisani wananijua kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo za kina mama.

Moyo wangu uligoma wiki ya shule kufunguliwa, wakati ambapo fundi wa sare hana nafasi hata ya kukohoa. Tangu asubuhi nilikuwa na kiungulia, au nilidhani ni kiungulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, nikalaumu pasi ya makaa. Taya likaniuma, nikalaumu jino. Jasho baridi lilipoanza kunitoka, mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya mtoto wake aliniangalia, akaacha kuuliza habari ya sketi, akaniuliza nina mtu gani wa kupigiwa simu. Ningependa ujue kwamba sikuanguka wala sikushika kifua kama wanavyofanya kwenye sinema. Niliketi tu juu ya marobota ya vitambaa nikiona haya kusumbua watu.

Ya hospitali ni mengi na mengine siyakumbuki. Nakumbuka taa za dari zikipita juu yangu nikisukumwa. Nakumbuka muuguzi mmoja akinivua raba zangu nyeusi, zile ninazovaa kazini kwa ajili ya kukanyaga cherehani, na mimi nikimwambia asipoteze kamba. Walinipeleka Nairobi, wakaingiza kijimrija kwenye mshipa uliokuwa umeziba, nikazinduka nikiwa hai. Daktari alituambia sehemu ya moyo ilikuwa imedhoofika, na kwamba dawa pekee hazitatosha. Baada ya muda nitapaswa kufanya mazoezi, kwa kipimo na chini ya uangalizi, la sivyo nitakuwa mtu wa kiti. Wekesa aliitikia kwa kichwa. Mimi nilidhani amesikia.

Kwetu mgonjwa hutembelewa, na mgonjwa naye ana kazi yake, nayo ni kulala. Wageni wakimkuta amesimama, aibu ni ya mwenye nyumba: wamemwachaje atembee? Basi kila lango lilipolia, Wekesa alisema, "Lala, lala," nami nikakimbilia kitandani na kujifunika shuka mpaka kidevuni. Ukweli ni kwamba kwa wiki nyingi mazoezi yangu yote yalikuwa hayo ya kukimbilia kitanda.

Walikuja kina mama wa kanisa wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Njoroge, rafiki yangu wa siku nyingi. Waliniombea na kuniimbia, halafu wakapanga mezani unga, sukari, maziwa na mafuta ya kupikia. Mama Njoroge alileta pia chupa nzima ya chai iliyojaa supu ya kichwa cha mbuzi, inayoelea mafuta juu. Daktari alikuwa amenikataza mafuta. Lakini chakula kilicholetwa kwa maombi hakimwagwi, kwa hivyo Wekesa alikinywa na kukila chote kwa niaba yangu. Kabla ya mvua kuanza nilikuwa nimemtanulia suruali viunoni, nikishona nimekaa kitandani.

Mwili wangu ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine. Dawa za kuzuia damu kuganda zilinifanya nikigusa tu pembe ya meza naota alama ya zambarau. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nililala nimeegemea mito, sikio moja likisikiliza mapigo ya moyo, kwa sababu ukishadanganywa na moyo mara moja huwezi kuuamini tena upesi. Na sauti ilipotea. Nilijaribu kuanza wimbo jikoni siku moja, ikatoka kama ya kuku aliyenyeshewa, nikanyamaza. Sikumwambia mtu, ila nililia kidogo ndani ya leso.

Wekesa alipika, alifua, alininyooshea mgongo. Na muda wote alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa jikoni, hathubutu kugeuza uso. Nilimpenda kwa hilo na lilinichosha. Nilitaka kupona, ndiyo. Lakini zaidi nilitaka siku moja mume wangu aniangalie bila hofu.

Mvua ndefu ilipoanza niliitwa kliniki ya mazoezi, Ruiru. Kwenye chumba cha kungojea tulikaa tukitazamana. Ukitaka kuwajua watu waliougua moyo, angalia mikono yao: kila mmoja ameshika kifundo cha mkono wake mwenyewe, anapapasa mapigo. Mzee mmoja aliniona nikifanya hivyo akaniambia, "Wachana nayo, mama. Mimi nimeichunga hivyo tangu Krismasi na haijatoroka." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa kijana anayeitwa Mutua. Alinipima presha, akanifungia kipimo kidoleni, akanieleza.

"Mama, sheria yetu hapa ni moja. Ukitembea, uweze kuongea. Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza. Lakini ukiweza kuimba, hapo bado unacheza. Ongeza mwendo."

"Mimi ni mtu wa kuimba," nilimwambia.

"Basi uko sawa. Kipimo unatembea nacho kwa koo."

Siku hiyo nilitembea kwenye ukumbi wao mfupi, kwenda na kurudi. Hata sikurudi. Katikati alinitaka nitaje jina langu na la mtaa wangu, na sikuweza kulimaliza. Nilikaa kwenye kiti alichonisogezea, machozi yakinitoka, mimi niliyezoea kuamka alfajiri na kukanyaga cherehani mpaka giza. Wekesa alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wangu begani. Alisema tu, "Twende nyumbani, Mama Nekesa."

Tulirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wekesa hakunikataza kliniki, kwa kuwa huko kuna daktari. Lakini Mutua alitaka nitembee nyumbani pia karibu kila siku, na hapo ndipo viatu vilipoanza kupotea. Tukirudi kutoka Ruiru alikuwa ananivua raba mwenyewe, ananiletea slipa, na raba sizioni tena mpaka siku ya kliniki. Nikiuliza, anasema ameziweka mahali pazuri. Nikitembea kwa slipa kutoka mlangoni hadi langoni, ananifuata nyuma akisema neno lake moja, "Polepole." Neno hilo nililisikia asubuhi, mchana na jioni, kama dawa ya nne juu ya zile tatu nilizopewa.

Nikamshtakia Mama Njoroge. Alinisikiliza vizuri, akasema kina mama watalichukua hilo jambo, na kwa kweli walilichukua. Walipanga zamu, kila siku mama mmoja anakuja kunitembeza na viatu vya kuniazima. Wekesa hakuweza kuwakatalia kina mama wa kanisa.

Sasa wewe unaijua Landless, au una mtaa wako unaofanana nayo. Mtu wetu hapiti mlango wa mtu bila kusalimia. Na ukisalimia, utaulizwa habari za mgonjwa, na mgonjwa ndiye huyo amesimama hapo, ataachwaje juani? Karibuni ndani. Karibuni chai. Chai yetu haiji peke yake. Tulitoka nyumbani asubuhi, tukarudi wakati wa chakula cha mchana, tumetembea milango michache na kula mandazi katika kila mmoja. Kila mama aliyenitembeza alirudi akimwambia Wekesa kwamba nimefanya vizuri sana.

Mutua aliponipandisha kwenye mizani aliangalia namba, akaniangalia.

"Mama, haya mazoezi yako yana mandazi?"

"Yana mandazi na chapati," nilimjibu. Hakuna haja ya kudanganya mtu anayekuona kwa mizani.

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba moyo wangu haujasonga mbele hata kidogo tangu nianze, na kwamba miezi hii ya kwanza ndiyo ya kujenga. Ikipita bure, itakuwa vigumu zaidi kuujenga baadaye. Hilo lilinikaa kichwani.

Ikaja baridi ya Julai, ile ya ukungu na manyunyu, watu wote wamejifunika shuka. Siku moja mchana Wekesa alikuwa dukani, nami nikasikia kwamba wageni wanakuja. Nikapanda kwenye kigoda kuteremsha sahani juu ya kabati. Nyuma ya sanduku, raba zangu hizo, zimefungwa vizuri ndani ya mfuko. Nilikuwa bado juu ya kigoda, mfuko mkononi, Wekesa alipoingia.

Uso wake sitausahau. Aliniteremsha kama mtu anayeshusha kioo. Nikaanza kugomba kwa Kikuyu, naye akajibu kwa Kibukusu, na kila mmoja alielewa vya kutosha. Nilimwambia ananizika nikiwa hai. Akaketi karibu na jiko, akauchukua ule mfuko na kuuweka magotini, na akaongea Kiswahili kwa sauti ya chini.

"Unamkumbuka kaka yangu mkubwa."

Nilimkumbuka. Aliugua moyo kule kwao Bungoma, kabla hatujampata Nekesa.

"Alitoka hosi, wakasema yuko sawa. Akaona mahindi inaliwa na magugu, akashika jembe. Tulimrudisha huko tukikimbia. Muuguzi akatoka, akanipa gambuti zake kwa mfuko. Nikakaa na hizo gambuti hapa kwa magoti, kumbe ashaenda. Mimi nilikuwa nimekaa tu nazitoa matope ndiyo akitoka azikute safi."

Alipapasa mfuko.

"Siku yako pia walinipa viatu. Kwa mfuko. Mama Nekesa, nilikaa na hizi raba kwa benchi mpaka jioni. Nilikuwa najua. Hakuna mtu alikuwa ameniambia, lakini nilikuwa najua."

Sikuwahi kuyajua hayo. Niliketi sakafuni kando yake nikamshika mkono, na wageni walipofika walitukuta hivyo, mgonjwa chini na mwenye nyumba analia. Mama Njoroge aliweka sufuria yake mezani, akatoka nje na wenzake, wakaanza kutusifia sukuma wiki yetu ya bustanini.

Kesho yake ilikuwa siku ya Ruiru. Nilimwambia Wekesa hatakaa mlangoni tena, ataingia ndani. Nilimweleza Mutua kwa ufupi, naye ana akili kuliko umri wake. Alimwita, "Mzee, kuja hapa karibu. Shika mkono wa mama hivi, hapa kwa mshipa. Sasa usiachilie."

Nilitembea kwenye ule ukumbi na Wekesa kando yangu, vidole vyake kwenye kifundo changu. Nilihisi vikikaza moyo ulipopanda. Nilipumua kwa nguvu, nikawa naongea maneno mawili mawili. Kisha Mutua akasema nisimame, nikasimama, na Wekesa akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kiwandani alipogusa mashine kusikia inavyonguruma ndani.

"Inashuka," akasema.

"Subiri," akasema Mutua.

"Inashuka. Imerudi." Aliniangalia kwa mshangao. "Imerudi yenyewe."

"Ndiyo kazi yake, mzee. Tunaifundisha kupanda na kushuka."

Njiani kurudi Thika tulipita Juja. Hapo Wekesa akasema kiwandani mashine ikishatengenezwa huwashwa kidogo kidogo, haifunikwi turubai, na kwamba amewaambia vijana wa kazi hivyo maisha yake yote.

Tukaanza kutembea sisi wawili. Tatizo la chai tulilimaliza kwa kikapu. Ukitembea mikono mitupu katika mtaa wetu watu wanadhani unazurura na wanakukaribisha. Ukibeba kikapu wanaona unakwenda mahali, wanapunga mkono tu. Basi Wekesa alibeba kikapu kitupu kila asubuhi, kwa heshima zote, na hakuna aliyetusimamisha. Mutua nilipomwambia alisema hilo halimo kwenye vitabu vyake.

Lengo langu lilikuwa mwinuko wa kwenda kanisani. Usidhani ni mlima. Ni barabara ya vumbi inayopanda kutoka kwenye kijito hadi lango la kanisa, na kabla ya kuugua sikujua hata kwamba inapanda. Mwezi wa nane nilifika penye nguzo ya kwanza ya stima, nikaishiwa maneno. Baadaye nilifika kwenye ua wa kayaba, ule wa miiba, katikati. Hapo Wekesa alikuwa anaweka kikapu chini na kusema, "Polepole," na safari hii alikuwa na haki.

Siku moja nilizidisha, au nilikuwa nimekunywa dawa bila kula, na kifua kikanibana pale pale kwenye ua. Niliketi kwenye nyasi, nikapuliza dawa chini ya ulimi kama nilivyofundishwa, na Wekesa akaketi nami akiwa amenishika kifundo. Tulienda hospitali, wakanipima, wakasema moyo haukuumia na wakanibadilishia dawa moja. Usiku huo nilijua asubuhi nitazikuta raba zimerudi juu ya kabati, na nilikuwa nimeamua sitamlaumu.

Niliamka nikazikuta mlangoni. Zimepigwa brashi, na kamba zimelegezwa tayari kwa kuvaliwa. Katika mwaka wote ule, kati ya madaktari na mashine na maombi, hakuna kitu kilichonipa nguvu kama kamba zile. Kama wewe ndiye unayemuuguza mtu, nakuomba ulisome hili mara mbili. Na kama wewe ndiye mgonjwa, usianze kutembea kwa sababu umenisoma mimi. Anza kwa kumuuliza daktari wako, halafu umwombe aliye nyumbani aingie ndani naye asikie.

Vuli ilinyesha mapema. Vumbi likatulia, mijakaranda ya mjini ikaanza kumwaga maua, na Mutua akaniambia nijaribu kwenda kanisani kwa miguu. Jumapili hiyo nilivaa raba na gauni langu la sare ya kina mama. Viatu vya kanisani tuliviweka kwenye kikapu, Wekesa akakibeba. Nekesa alikuwa ametangulia.

Tulipita nguzo ya stima tukiongea. Tulipita ua wa kayaba, na hapo nikagundua kwamba ninaongea peke yangu. Niligeuka. Wekesa alikuwa nyuma kidogo, amevaa ile suruali niliyoitanua, anahema. Supu zote zile za kichwa cha mbuzi zilikuwa zinapanda mwinuko pamoja naye.

Sikuamua kuimba. Nilikuwa na pambio moja mdomoni tangu asubuhi, nikawa naliimba tu midomo imefumba, na ghafla nikasikia sauti yangu imetoka. Si ile ya zamani. Ilikuwa nyembamba na ilikwaruza kidogo, lakini ilikuwa yangu, na ilipanda ile barabara mbele yangu. Juu langoni kina mama walikuwa wamesimama wakingoja kuingia. Mama Njoroge aligeuza kichwa. Kisha wakaipokea, kama walivyoipokea miaka yote, nami nikawajibu nikiwa bado natembea.

Nilisimama kumngoja Wekesa, machozi yananitoka. Alikuwa ameinama, mkono mmoja gotini, mwingine umeshika kikapu. Nilijua neno analolitafuta. Nililisikia tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi, na siku hiyo, kusema kweli, lilimfaa yeye. Aliinua uso akaniangalia, na haukuwa tena ule uso wa kuangalia maziwa.

"Si unaimba?" akasema akihema. "Mutua alisema nini? Ongeza mwendo."

"Na wewe?"

"Mimi nakuja."

Basi nilimwacha hapo barabarani, amebeba viatu vyangu, nikaongeza mwendo.